Nilivyowafundisha vijana kuutunza mgodi wa zamani ng'ambo ya ziwa

Watu wa Kanda ya Ziwa tukisema mgodi, tunawaza ule mkubwa wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, au maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Migodi ya kabla ya hapo tumeisahau, ingawa alama zake bado zimo ardhini. Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani tangu 1898, lakini uchimbaji ulishika kasi miaka ya 1930. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu. Mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35, na miamba ambayo haikuwa na faida ikaanza kulipa. Kakamega, ng'ambo ya mpaka, nako watu walifurika miaka hiyohiyo. Reli ilikuwa imeshafika Mwanza tangu 1928. Kisha bei ikagota kwenye dola 35 kwa zaidi ya miaka thelathini huku gharama zikipanda, na mgodi wa Geita ukafungwa mwaka 1966.

Naanza na bei kwa sababu ndivyo ninavyoanza na vijana. Mimi ni msanifu majengo hapa Mwanza, na wanaokuja kwangu kujifunza uhifadhi huwa wana kamera tayari, wanatafuta jengo zuri la kupiga picha. Mgodi hauna jengo zuri. Asiyejua kwa nini ulifunguliwa na kwa nini ulikufa, atauona ni kichaka chenye mashimo na kuta za matofali zisizo na paa.

Mahali tulipofanyia kazi ni mabaki ya mgodi mdogo wa enzi hizo, upande wa Geita. Kijiji sikitaji, kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu nao wanasoma mtandaoni. Tulipoanza kwenda tulikuwa tunasubiri kivuko Kigongo, wakati mwingine nusu siku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 tunavuka asubuhi na kufika kabla jua halijawa kali. Kuna shimo kuu lililozibwa nusu, zege la chini ya kinu cha kupondea mawe, injini ya winchi iliyoshika kutu, safu ya nyumba za vibarua na nyumba moja ya msimamizi, mfereji wa maji, makaburi, na kilima cha marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa.

Hicho kilima ndicho kiini cha tishio. Vinu vya zamani havikutoa dhahabu yote, na kwa bei za leo kilichobaki kinalipa. Kwa hiyo malori yanakuja, marudio yanapakiwa na kupelekwa kwenye matenki ya sainaidi, kemikali ya kutolea dhahabu iliyobaki. Matofali yanabebwa kwenda kujenga vyoo na mabanda. Chuma kinakatwa vipandevipande na kuuzwa kwa kilo. Simlaumu anayefanya hivyo akiwa na watoto wa kulisha, lakini siwezi pia kukaa kimya nikaona historia ya wazee wetu waliochimba humo inaondoka kwa lori.

Kundi la kwanza lilikuwa na mpima ardhi, mhandisi wa ujenzi, mjiolojia, binti aliyesoma mipango miji, kijana wa akiolojia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na afisa utamaduni mmoja. Kila mmoja alikuja na jibu la fani yake. Mhandisi alitaka kuimarisha kuta. Mjiolojia alikuwa na macho ya mwamba tu. Niliwakataza kugusa kitu chochote, na kazi ya mwanzo ikawa kutembea na kuchora, kufuata jiwe tangu linapotoka shimoni, linapopita kwenye kinu, hadi linapoishia kwenye kilima, na kumfuata pia mtu aliyelibeba, alipolala, alipochota maji, alipozikwa. Mchoro huo ukikamilika, mtu haulizi tena kwa nini mfereji uliofukiwa na nyasi una thamani sawa na nyumba ya msimamizi.

Sheria nayo niliwawekea mezani mapema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863, na vitu vichache kama milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Mgodi wa miaka ya 1930 haumo. Njia iliyobaki ni Waziri kuutangaza kuwa kumbukumbu inayolindwa, na Waziri hatangazi kichaka. Anatangaza kitu chenye ramani, picha, vipimo, historia na wananchi wanaokubali. Nilipowaeleza hivyo walinyong'onyea, hasa yule wa akiolojia. Lakini kuanzia hapo kila mmoja alijua daftari lake ni la nini.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa wachimbaji wadogo. Wao ndio walioko pale kila siku, wenye maduara pembeni ya shimo la zamani. Mara ya kwanza tuliwasalimu vizuri, mwangaluka kwa mwangaluka, mhola kwa mhola, lakini msimamizi wa duara akaniuliza waziwazi:

"Mama, umetumwa na nani? Maana wanaokuja na ramani huwa wanarudi na askari."

Nikamwambia sijatumwa, na ramani nitakayochora ataiona yeye kabla ya ofisi yoyote. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Kilichomfanya alegeze ni jambo dogo. Nilimwomba mzee mmoja wao, fundi wa matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta za shimo, awafundishe vijana wangu, na nikamlipa posho ileile ninayomlipa mhadhiri nikimwalika Mwanza. Nasisitiza hapo kwenye posho. Mtu ukimwita mwalimu halafu ukampa soda, umemwambia unamwonaje.

Mzee alifundisha kuliko nilivyotarajia. Aliwaonyesha jinsi ya kusoma mdomo wa shimo, wapi udongo umeanza kukatika, wapi timba limeoza ndani ingawa kwa nje linaonekana zima, kwa nini mtu hashuki kwenye shimo lililokaa muda mrefu hata kama ni fupi, maana hewa mbaya hukaa chini na haina harufu. Kuanzia siku hiyo sheria yetu ikawa moja: hakuna anayeingia shimoni, hata kwa picha. Udongo wa kwenye kilima pia hatuugusi kwa mikono mitupu, kwa sababu ya zebaki, sumu inayotumika kukamatia dhahabu.

Kisha akatupeleka mahali ambapo malori yalikuwa yamekata kilima, ukuta wa mchanga ukabaki wima. "Babu, haya matabaka ni ya nini?" binti wa mipango miji akamuuliza. Mzee akapitisha fimbo kutoka chini kwenda juu. Chini ni chenga kubwa, enzi za kuponda mawe. Juu yake ni laini kama unga, walipoanza kusaga zaidi ili wapate na ile dhahabu ndogo. Katikati kuna mstari mwekundu, kipindi ambacho mgodi ulisimama na mvua zikaleta udongo wa mlimani. Mjiolojia alikaa pale hadi jioni. Kwangu ule ukuta ni kumbukumbu kubwa kuliko nyumba yoyote pale, na hakuna chuo kilichokuwa kimewafundisha vijana wale kuutazama.

Nyumba ya msimamizi tuliichukua kuwa darasa la mikono. Matofali yake ni ya kuchoma, laini, yamejengwa kwa chokaa. Mtu mwenye nia njema alikuwa ameziba nyufa kwa saruji, na saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Maji yakiingia ukutani hayapati pa kutokea kwenye kiungo, yanatokea kwenye tofali, na uso wake unabanduka. Tuliiondoa saruji taratibu kwa patasi. Chokaa tuliinunua Mwanza, ileile ya kupaka kuta, tukailoweka kwenye mapipa kwa wiki kadhaa kabla ya kuichanganya na mchanga, sehemu moja kwa tatu. Ukutani unaifunika kwa magunia yenye unyevu isikauke haraka na jua la saa saba. Mhandisi wetu alikuwa hajawahi kushika chokaa tangu amalize chuo. Mafundi wa pwani wanaijua kazi hii kwa kurithi, na ndiyo iliyosaidia Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, ikatoka mwaka 2014. Huku kwetu ziwani tunajenga kwa mawe na saruji, na ujuzi huo inabidi kuuleta.

Jioni moja tulizungumzia Roșia Montană ya Romania, mahali ambapo Warumi walichimba dhahabu karibu miaka elfu mbili iliyopita. Kampuni ilitaka kufungua mgodi wa wazi juu ya yale mashimo ya kale, mabishano yakadumu miaka mingi, na muda wote huo vijana wasanifu na wanafunzi walikuwa wakienda kukarabati nyumba za kijiji moja baada ya nyingine. Mwaka 2021 UNESCO ikapaandika kwenye Urithi wa Dunia na kwenye orodha ya hatari kwa wakati mmoja. Afisa utamaduni akauliza kama sisi tuna miaka mingi hivyo. Hatuna. Lori linabeba tani kumi kwa safari.

Ndiyo maana hatukusubiri tangazo. Tulipeleka ramani kwenye serikali ya kijiji, msimamizi wa duara akiwa ameiona kwanza kama nilivyomwahidi, na akasimama mwenyewe kwenye mkutano mkuu kuieleza. Mkutano ukakubali mambo matatu. Injini ya winchi na vyuma vya kinu viliandikishwa kwenye daftari la mali za kijiji, kwa hiyo asiye na muhtasari wa halmashauri ya kijiji hawezi kuviuza. Makaburi yakawekewa mpaka wa minyaa, na hilo halikubishaniwa na mtu. Kilima cha marudio kilibishaniwa hadi watu wakasimama kuondoka, na mwishowe ikakubaliwa upande wa mashariki, wenye ule ukuta wa matabaka, usichimbwe, na upande wa magharibi uendelee. Vijana wawili walikasirika, walitaka kilima chote. Mimi niliupokea upande wa mashariki kwa mikono miwili.

Faili la maombi ya kutangazwa limekamilika. Lina michoro, picha za droni tulizopiga kwa kibali, na sauti za wazee tulizorekodi kwa Kisukuma na Kiswahili. Binti wa mipango miji sasa ndiye anayeongoza kundi linalofuata, na ameniomba nikae nyuma. Mzee wa matimba ameshakubali kurudi kufundisha. Kazi yao ya kwanza ni kuzibua ule mfereji wa maji kabla ya masika, maana uliziba na maji yanaelekea kwenye msingi wa nyumba tuliyoikarabati.