Ukurasa wa 41

Nimetoka soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, sasa hivi. Mikono bado inanitetemeka.

Mnaonifahamu mnakijua kitabu changu cha imani na kazi. Nilikichapisha mwenyewe, nakala 200, kwa pesa ya mahindi. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, niliipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Kuuza nauza kwa mkono: kanisani, stendi, sokoni.

Leo nikampita mama mmoja anayeuza parachichi za Rungwe. Akaniita, "Mwanangu, hebu njoo."

Akatoa kitabu chini ya meza. Kakivika jalada la gazeti, kama daftari la mtoto wa shule. Ukurasa wa 41 una doa la parachichi, na pembeni, kwa kalamu ya bluu, kaandika majina ya wateja waliomkopa. Matatu kayakata.

Ni ile sura ya kudai chako bila kugombana.

"Hawa wameshalipa," akaniambia. "Niliomba kwanza, halafu nikawafuata nyumba kwa nyumba."

Nikashindwa hata kusema asante. Nilikishika tu kile kitabu, kimelegea, kurasa zimevimba kwa kufunuliwa.

Ninyi mnaoandika, mmewahi kukutana na kitabu chenu kikiwa kimetumika hivyo? Niambieni, nasoma zote usiku huu.