Siku moja ya kazi McMurdo: kutoka shimo la barafu hadi tone la damu

Saa 12:30 asubuhi. Mwezi wa Novemba hapa kituo cha McMurdo, kisiwa cha Ross, Antaktika, jua halizami, kwa hiyo asubuhi ni ile ya saa ya ukutani. Kabla ya chai tunasoma vipimajoto vya matangi ya samaki wa hapa, ambao tunachunguza kwa nini damu yao haigandi. Maji lazima yawe chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maana samaki hawa hufa yakifika nyuzi 5 au 6.

Saa 2. Tunapakia ndoana, mshipi, chambo, keekee ya kupimia barafu, na masanduku yenye kuta nene za povu yaliyojazwa maji ya bahari. Kila ufa unaokatiza njia unatobolewa na kupimwa unene kabla chombo hakijapita. Theluji huuficha ufa usionekane kabisa.

Saa 3. Kibanda cha kuvulia, juu ya barafu ya bahari yenye unene wa mita 2 hivi. Shimo limeota utando wa barafu usiku kucha, tunauchota kwa chujio. Chini yake kumening'inia vipande vyembamba vya barafu, na humo ndani ndimo anamojificha samaki wetu, *Pagothenia borchgrevinki*. Maji ni nyuzi hasi 1.9, yaani pale pale maji ya bahari yanapoganda. Samaki anagusana na barafu mchana na usiku, anaipitisha kwenye matamvua, anaimeza.

Damu ya samaki wengi wa bahari huganda kwenye nyuzi hasi 0.7 au 0.8. Hata hivyo baridi peke yake haiui. Mwaka 1957 mwanasayansi Per Scholander na wenzake walieleza samaki wa Labrador, Kanada, wanaoishi kwenye vilindi vya nyuzi hasi 1.7 bila kinga yoyote: kule chini hakuna barafu, wakawa salama. Walipoguswa na barafu waliganda na kufa papo hapo. Adui ni fuwele ya barafu inayopata nafasi ya kukua.

Samaki akinaswa, mshike kwa glavu iliyolowa. Glavu kavu huondoa ute na kukwaruza ngozi, nayo ngozi nzima ndiyo kizuizi cha kwanza cha barafu. Nje ya maji hewa ni nyuzi hasi 10 au chini yake, mapezi na macho huganda upesi, basi aingie sandukuni mara moja na kifuniko kifungwe.

Saa 6 mchana. Maabara. Dawa ya usingizi inachanganywa na maji ya bahari yenye baridi ile ile ya tangi. Samaki analazwa chali juu ya kitambaa kilicholowa; sindano inaingia nyuma ya pezi la chini, katikati kabisa, mpaka iguse uti wa mgongo. Vuta polepole. Ukivuta kwa nguvu mshipa unajifunga na chembe nyekundu zinapasuka. Nusu mililita inatosha. Bomba la sindano liwe kavu: maji yakibaki ndani yanazimua damu, na kipimo chote cha mchana kinapotoka. Damu inazungushwa kwenye mashine dakika 10 kwa nyuzi 4.

Saa 8. Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Tone dogo la utegili, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, linawekwa ndani ya mafuta chini ya hadubini, linagandishwa haraka hadi nyuzi hasi 40, kisha linapashwa taratibu mpaka ibaki fuwele moja tu. Inaacha kuyeyuka karibu na nyuzi hasi 1.1, hiyo ni kazi ya chumvi za damu. Sasa tunashusha joto hatua kwa hatua. Kwenye damu ya kawaida fuwele ingekua hapo hapo. Hii imetulia tuli: hasi 1.5, hasi 2, hasi 2.5. Karibu na hasi 2.7 sindano za barafu zinachomoka ghafla na tone lote linaganda. Ukiacha fuwele kubwa mno, au ukishusha joto kwa pupa, itakua mapema na utadhani kinga ni dhaifu.

Kinachoizuia fuwele ni glaikoprotini, yaani protini yenye sukari, aliyoigundua mwanasayansi Arthur DeVries hapa hapa miaka ya 1960: asidi amino (vijenzi vya protini) alanini, alanini, threonini, na sukari mbili juu ya kila threonini, mpangilio huo ukijirudia. Haifanyi kazi kama dawa ya rejeta, ambayo nguvu yake ni wingi tu. Hii hunata kwenye uso wa fuwele na kuinyima nafasi ya kupanuka. Hutengenezwa hasa kwenye kongosho na tumbo, si ini, na ni haki yake, kwani barafu humezwa pamoja na maji.

Saa 10 jioni. Wengu. Barafu iliyoingia mwilini hukusanywa huko. Tunaupoza wengu chini kidogo ya nyuzi hasi 2.7: wenye barafu huganda upesi, usio nayo hubaki bila kuganda. Protini ile ile huzuia pia fuwele kuyeyuka, ndiyo maana samaki anaweza kubaki na barafu ndani hata bahari ikipata joto kidogo, kama ilivyoelezwa mwaka 2014.

Saa 1 usiku. Matangi tena. Pampu ikizimika, weka chupa za barafu zilizofungwa kabisa. Barafu ya maji yasiyo na chumvi ikiyeyukia tangini hupunguza chumvi. Anayebaki zamu anasoma kipimajoto kila saa mpaka maji yaanze kuingia tena.