Nilivyojenga upya imani katika utafiti wa muhogo

Ninatafiti magonjwa ya muhogo mashariki mwa Uganda. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka majani yenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye maabara moja ya ng'ambo kwa makubaliano ya mdomo tu. Makala ilipotoka, majina yetu hayakuwamo, wala wakulima hawakuletewa majibu. Tuliporudi Busia, tulikochuma majani hayo, mama mmoja aliniuliza, jembe likiwa begani, "Mwanangu, yale majani yetu yaliishia wapi?" Swali lile liliniuma kuliko kuachwa kwa jina langu.

Kwa hiyo watafiti wa Dar es Salaam walipotuomba tushirikiane, nilitaka kwanza tuandikiane mkataba wa kukabidhiana sampuli, tupate kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na tugawane kazi kwa CRediT, orodha ya kutaja mchango wa kila mtu katika makala ya utafiti, ambayo majukumu yake 14 humtambua hata aliyekusanya data shambani.

Karatasi hizo zilitulinda, lakini imani ilikuja kwa njia nyingine. Msimu wa kwanza mvua ililowesha bahasha za majani, wino ukachuruzika, nami nikaandika upya namba za mashamba mawili kwa kukisia. Sampuli zilikuwa zimekwisha kuondoka nilipopitia daftari na kuona kwamba huenda namba hizo nimezichanganya. Ugonjwa huu husababishwa na virusi vya aina mbili ambavyo jicho haliwezi kuvitofautisha kwa uhakika, hivyo namba ikikosewa, ramani nzima ya uenezi inapotosha, na hakuna atakayegundua. Nilimpigia simu kiongozi wa maabara ya Dar es Salaam usiku uleule.

"Dada, bahasha za mashamba hayo mawili usizipime. Kosa ni langu."

Alinyamaza kidogo. "Ahsante, kaka. Tunaziondoa, rudi ukachume nyingine."

Tangu siku ile naye alianza kunitumia matokeo ghafi, yakiwemo ya vipimo vilivyomharibikia, na alipoombwa na watafiti wa Kenya awatajie mtu wa kufanya naye kazi Uganda, alinitaja mimi, akiwaeleza habari ya zile bahasha.

Majibu yalipokamilika tuliyapeleka Busia na kuyasoma kwa Kiswahili chini ya mwembe. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akatupeleka kwenye shamba la shemeji yake, ambaye kwa misimu miwili alikuwa ametukatalia kuingia.