Kumbukumbu ya mradi wangu: dumu, baiskeli mbovu na taa, Ujiji

Jumamosi ya kwanza

Mradi huu ulianza na swali la mdogo wangu, yuko kidato cha pili, alikuja na daftari la fizikia akaniuliza kaka, hili dumu la maji lililokaa juu ya meza limetulia kabisa, mwalimu anasema lina nishati, sasa nishati yenyewe iko wapi mbona haionekani? Nikamjibu ni nishati tuli, imehifadhiwa, akasema hayo maneno ninayo kwenye daftari, nataka niione. Mi nikaona ana haki kabisa. Kitu kama hicho ukikariri tu kinapotea baada ya mtihani.

Kwaiyo tukakubaliana tuitoe ndani ya dumu mpaka iwashe taa. Nyuma ya nyumba kuna baiskeli ya Phoenix ya zamani ya marehemu babu, haina tairi la mbele ila gurudumu la nyuma linazunguka vizuri na ina dainamo yake ile ya volti 6 wati 3 inayosugua tairi na kutoa umeme wa taa. Tukaifunga fremu juu kwenye nguzo mbili za banda, tukapima kwa tepu, dumu linashuka mita 2 kamili.

Hesabu tuliandika kwa chaki ukutani. Uzito wa kitu kwa kilo, zidisha 9.8 ambayo ni mvuto wa dunia, zidisha kimo kwa mita. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwaiyo 20 mara 9.8 mara 2, jouli 392 (jouli ndo kipimo cha nishati). Dogo alifurahi kuona namba, mi nilitaka kuona taa.

Jumamosi hiyo hiyo jioni

Kamba tuliizungushia kwenye ringi moja kwa moja. Tukaachia. Hata sekunde haikufika, dumu likapiga chini, mfuniko ukaruka, maji yote nje, taa ilimulika mara moja basi. Nishati ilikuwepo lakini karibu yote ilibaki kwenye dumu lenyewe, ikageuka kuwa mwendo wa kushuka. Kitu kikianguka mita 2 bila kuzuiwa kinafika chini na mwendo wa kama kilomita 22 kwa saa, na hapo uzito hauhusiki, liwe dumu au ndoo tupu ya chuma (ukiacha ubishi mdogo wa hewa). Dogo hakuamini mpaka tulipoangusha jiwe kubwa na jiwe dogo pamoja mara nne.

Jumapili

Leo tumebadilisha. Kipande cha bomba kimechomelewa kwenye ekseli ya pedali, kamba inazungushwa hapo, pedali inavuta cheni, cheni inazungusha gurudumu. Sproketi ya mbele, lile duara la meno linaloshika cheni, ina meno 44, ya nyuma 18, bomba ni jembamba na tairi ni pana, ukipiga hesabu yote dumu likishuka sentimita 1 ukingo wa tairi unasafiri kama sentimita 27. Dumu la maji tumeliacha, tumejaza mchanga kilo 20, tumepima kwa mizani ya dukani.

Lilishuka kwa sekunde 8, taa ikawaka kwelikweli, afu likatua. Na hapa ndo dogo akapiga kelele, "Kaka, dumu limefika chini mbona taa bado inawaka?"

Nilikaa kimya kidogo maana hata mi sikuwa nimeliwaza. Friwili, ile gia ya nyuma inayoliacha gurudumu lizunguke hata cheni ikisimama! Dumu likitua cheni inasimama lakini gurudumu linaendelea, kwaiyo ile nishati ya kimo haikwenda yote kwenye taa, nyingine iliingia kwenye gurudumu ikawa nishati mwendo, na sasa gurudumu linailipa kidogokidogo mpaka linasimama. Zile sekunde zingine 8 za mwanga na dumu liko chini zilinifundisha kuliko miaka yote ya shule. Nishati imetoka kwenye kimo, ikapita kwenye mwendo, ikaja kwenye taa, na wewe umesimama hapo unaiangalia inavyopita.

Mshuko wa pili balbu ikaungua. Gurudumu lilikuwa linakwenda kasi mno.

Jumatano

Balbu mpya. Nikasema tupunguze mzigo, mchanga kilo 10 tu. Dogo akasema kaka, jouli zitakuwa 196, nusu, na taa itawaka nusu ya muda. Hoja yake ilikuwa nzuri na mi nilidhani hivohivo. Tukalisukuma gurudumu kidogo lianze, likashuka polepole sekunde 18, na baada ya kutua taa ikaendelea kama sekunde 4.

Nishati nusu, mwanga muda mrefu zaidi. Tulirudia mara sita maana nilitaka kuwa na uhakika. Maelezo yake ni kwamba zile kilo 20 zilikuwa zinamwaga nishati kwa haraka, gurudumu linakimbia, cheni inasuguana, balbu inazidiwa. Jouli ni kiasi cha nishati, wati ni jouli ngapi kwa sekunde. Nimezisoma hizo maana mbili tangu zamani na nilikuwa nazichanganya mpaka Jumatano hii.

Sasa hesabu inayoumiza. Taa ya wati 3 kwa sekunde 22, hata tukisema iliwaka kwa nguvu zake zote, ni jouli 66. Zilizoingia ni 196. Zingine ziko kwenye gololi, cheni, na pale dainamo inaposugua tairi, shika uone, pana joto. Huyu James Joule ambaye kipimo kimepewa jina lake ndo alifanya jambo hili hili mwaka 1845 kule Uingereza, mizigo inashuka, inazungusha mapanga ndani ya maji, afu anapima maji yamepata joto kiasi gani. Na lile jina la nishati tuli kwa Kiingereza lilianzishwa na Mskoti, William Rankine, mwaka 1853.

Alhamisi

Dogo kaja na swali gumu: kimo tunapimia wapi? Dumu lipo mita 2 juu ya ardhi ya banda, lakini ardhi ya banda ipo juu ya ziwa. Nikampeleka mpaka ufukweni tukae tuliwaze. Uso wa Ziwa Tanganyika upo kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu kabisa ni kama mita 1,470, maana yake sakafu ya ziwa ipo chini ya usawa wa bahari kwa kama mita 700. Ukipimia baharini dumu lililozama huko lina kimo cha hasi, ukipimia sakafu ya ziwa lina sifuri. Na yote sawa, mradi usibadilishe katikati ya hesabu, maana kinachowasha taa ni tofauti ya kimo tu. Ni kama mama anayebeba dagaa kutoka Kibirizi ufukweni kupanda Mwanga, apite njia fupi ya mwinuko mkali au azunguke, mzigo umeongeza nishati ileile. Miguu yake ndo inajua tofauti.

Tukapiga na hesabu ya simu. Betri ya mAh 4,000 inabeba kama jouli 55,000, kwaiyo kuijaza kwa dumu la kilo 10 ni kulipandisha zaidi ya mara 280, na hapo hakuna kilichopotea hata kidogo. Ndo nikaelewa kwa nini watu wanatafuta mto. Ule mradi wa umeme wa maji wa Igamba kwenye mto Malagarasi, megawati 49.5, ni sawa na madumu yetu ya kilo 10 zaidi ya laki mbili na nusu yanayoshuka kila sekunde.

Jumamosi ya leo

Nimefungua ekseli, nimeosha gololi kwa mafuta ya taa na kupaka grisi mpya. Kilo 10 sasa zinashuka sekunde 14, haraka mno, kwaiyo tumetoa mchanga mpaka kilo 8: sekunde 19, taa ileile. Dogo kaandika ukutani mwenyewe, jouli 157, chini ya zile 196.