Shilingi na kwacha ndani ya treni ya TAZARA

Nimesafiri kwa treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, mwendo wa kilomita 1,860, na jambo lililonishughulisha kuliko hata uchovu wa njia ni fedha. Hadi Tunduma, shilingi ilitosha kwa chai ya behewa la chakula na ndizi zilizouzwa dirishani. Tulipofika mpakani, kabla maafisa wa uhamiaji hawajamaliza kugonga mihuri, wabadilishaji fedha walikuwa wamekwisha kuingia mabehewani na mabunda ya noti mkononi, wakitaja viwango kwa haraka ambayo, kwa maoni yangu, si ya bahati mbaya. Nilibadili kiasi kidogo tu, nikazihesabu kwacha mwenyewe kabla ya kutoa shilingi zangu, na nikakagua kila noti, kwa kuwa Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake mwaka 2013 na noti ya zamani ya 50,000 haipokelewi tena dukani. Kiasi hicho kilinilisha upande wa pili na kulipa nauli ya basi hadi Lusaka, ambako nilibadili shilingi zilizobaki katika duka la fedha, kwa kiwango kilichobandikwa ukutani na kwa risiti.