Mjomba hakutapatapa

Nilikuwa na miaka 14, mdogo wangu 8. Tulivuka ziwa na mjomba kwa boti ndogo, watu saba, jaketi okozi saba. Nataja hesabu hiyo kwa sababu kila anayesikia habari hii huuliza kwanza kama jaketi zilikuwapo.

Zilikuwapo. Mjomba aliikalia yake, kwa kuwa ubao wa boti ulikuwa mgumu. Mimi niliivaa yangu bila kuifunga, kifua wazi, maana jua lilikuwa kali na nilitaka kufanana naye. Mdogo wangu ndiye pekee aliyevaa sawasawa, na hakupenda. Kabla hatujapanda, Mama alimfunga vifungio vyote, akapitisha mkanda katikati ya miguu, kisha akaishika jaketi mabegani na kuivuta juu kwa nguvu. Ikipanda hadi masikioni, alisema, hiyo si saizi yako. Haikupanda. Mtoto akalalamika kwamba inambana.

"Acha ikubane," Mama akasema. Akamgeukia mjomba. "Na wewe, kaka, vaa."

"Dada, mimi na maji tunajuana."

Na kweli walijuana. Ndiye aliyenifundisha kuogelea.

Katikati ya safari upepo uligeuka. Wimbi likatupiga ubavuni, watu wakakimbilia upande mmoja kwa pamoja, na boti ikapinduka.

Nilipoibuka sikuona kitu. Jaketi ilikuwa imepanda na kunifunika uso: mwili unavutwa chini, jaketi inabaki juu. Ikanitoka mkono mmoja, nikaikumbatia kifuani. Nilijaribu mara mbili kuivaa upya, na mara zote mbili nilikunywa maji, kwani nikiachia mkono tu nazama. Ile ya mjomba ilikuwa hatua chache mbele yake, upepo unaisukuma, kila akiifuata inazidi kwenda.

Watu wengine walishikilia boti iliyopinduka. Mdogo wangu alielea chali, uso juu, akilia kwa sauti ya juu kabisa. Kilio kile kilinitia wazimu. Sikujua bado kwamba anayelia anapumua.

Mjomba alikuwa karibu yangu. Alisimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo usawa wa maji, mara unazama, mara unaibuka. Mikono ameitandaza pande zote mbili, anayakandamiza maji kama mtu anayetafuta meza ya kuegemea. Nikamwita, "Mjomba! Njoo huku!" Akanitazama, asijibu. Nikadhani amenikasirikia kwa kutofunga jaketi. Tena tangu utotoni nilisikia kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na yeye hakutapatapa hata kidogo, basi nikaamini yuko salama. Nikamgeukia mdogo wangu. Niliporudisha macho, pale alipokuwa palikuwa na maji tu.

Wavuvi walituokoa. Hawakuruka majini, walitutupia dumu tupu lililofungwa kamba, wakatuvuta mmoja mmoja. Mjomba alipatikana kesho yake.

Kwa miaka mingi niliishi na macho yale yaliyonitazama kimya. Sikumwambia mtu, hata Mama.

Kisha nikahudhuria mafunzo ya uokoaji, tarehe 25 Julai, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 kwa ajili ya kuzuia vifo vya maji. Mkufunzi alitueleza aliyoyagundua Frank Pia, mwokoaji wa ufukweni kule Marekani, aliyechunguza picha za filamu za watu wakizama kweli. Anayezama, alisema, kwa kawaida hawezi kuita, kwa kuwa kila mdomo unapoibuka nafasi inatosha kuvuta pumzi tu. Hawezi kupunga mkono, kwani mikono inakandamiza maji yenyewe, bila yeye kuiamuru. Hubaki juu sekunde 20 hadi 60, basi. Kisha mkufunzi akasimama mbele yetu, akalaza kichwa nyuma, akatandaza mikono.

Nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi hadi kipindi kikaisha.

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu, ambaye sasa ana watoto wake. Nikamweleza yote, pamoja na lile la kuita ambalo sikuwahi kumwambia. Akanyamaza kwa muda.

"Kwa hiyo alikusikia," akasema.

"Nadhani alinisikia."

"Ila hakuweza kujibu."

"Hakuweza."