Kutoka stesheni hadi Livingistoni

Niliporudi Kigoma baada ya miaka minne ya masomo Dar es Salaam, nilishuka kwenye treni, nikamwita kijana wa bodaboda na kumwomba anipeleke Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, jina hilo nikilitamka kwa Kiingereza kilichonyooka cha darasani. Akaniuliza kwa upole, "Wapi, kaka?" Nikarudia. Mara ya tatu nilisalimu amri, nikasema Livingistoni kama asemavyo bibi yangu, naye akacheka: "Si ungesema mapema!"

Tangu siku hiyo nimeacha kuwasahihisha watu, kwa sababu utamshi huo una utaratibu wake. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Kwa hiyo ng ya katikati hupewa i, n ya mwisho nayo hupewa i, na mkazo, ambao Mwingereza huuweka mwanzoni mwa jina, huhamia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale unapokaa katika neno Kigoma. Kinachonivutia zaidi ni ng yenyewe, kwa kuwa katika kinywa cha Mwingereza ni ile ya ng'ombe, ila kwetu, ikishapewa irabu, inageuka kuwa ile ya ngoma. Bibi huenda mbali zaidi akasema Livingisitoni, maana st humkwama. Ndiyo maana hata stesheni kwake ni siteshini.

Barabara ya Lumumba haijawahi kumsumbua yeyote. Mwenye jina alikuwa Mkongo, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961, lakini jina lake ni la Kibantu na limeteleza mdomoni mwetu kiasi kwamba sijapata kusikia mtu akilihesabu kuwa la kigeni.

Wageni nao walitutendea hivyo hivyo, tena kwa kalamu: katika ramani na vitabu vyao vya zamani Ujiji iliandikwa Udjidji, bila mtu kuwacheka. Majina yao mengine hayakupata hata bahati ya kuharibiwa na ndimi zetu. Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliiita Bismarckburg; walipoondoka, jina likaondoka nao. Meli yao, Graf von Goetzen, waliyoizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza waliiopoa na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alikuwa amelisikia mwaka 1867 kwa wenyeji wa kusini wakiliita hivyo ziwa lenyewe.

Jioni moja nilimweleza bibi habari hizo, nikamtajia jina la kwanza la meli hiyo kwa Kijerumani nilichojibunia mwenyewe. Alinitazama kwa huruma, akanisogezea kikombe cha maji na kuniuliza kama nimepaliwa.